Wanafunzi kumi na mmoja, siku nne na maporomoko ya Kalambo: jibu kwa msomaji wa Kigoma

Msomaji mmoja, binti wa Mombasa anayesoma muhula huu katika chuo kimoja hapa Kigoma kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, ameniandikia kwamba yeye na wenzake kumi wanataka kwenda pamoja kuona maporomoko ya maji yenye jina kabla muhula haujaisha. Katika kundi hilo wamo Wajerumani wanne, Wajapani wawili, Warundi watatu na kijana mmoja wa Kasulu. Wana siku nne, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu ya mwisho wa Aprili. Baadhi yao wanataka Victoria ya Zambia, baadhi wanataka Kalambo, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kupanga. Anauliza mambo matatu: waende wapi, je, siku nne zinatosha, na gharama zigawanywe vipi bila kundi kuvunjika.

Mwanangu, nimeongoza makundi ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka mwalo wa Kibirizi hadi ukingo wa Kalambo, na nilichojifunza ni kwamba maporomoko huchaguliwa kwa kuhesabu siku kwanza, kisha kwa kuangalia majira, na ukubwa wa jina hufuata nyuma ya hayo mawili. Kwa siku nne mlizonazo, Victoria haiwezekani, na Kalambo inawezekana kwa watu wanaokubali kusafiri usiku, jambo ambalo sitakushauri kamwe. Kwa siku hizo nendeni Hifadhi ya Gombe mkaone maporomoko ya Kakombe. Ikiwa chuo kitawaruhusu kupata siku sita mfululizo katikati ya Mei, hapo nendeni Kalambo, na mtakuta maji bado ni mengi na barabara imeanza kukauka.

Nianze na Victoria ili tumalizane nayo. Kutoka Kigoma hadi mji wa Livingstone, kusini mwa Zambia, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, yenye mpaka wa kuvuka na watu wa pasipoti za nchi tano, kila pasipoti na masharti yake. Tena Aprili ndio wakati Mto Zambezi unapojaa kuliko miezi mingine, na wengi hudhani kwamba hapo ndipo pa kwenda, kumbe mvuke wa maji huwa mzito kiasi kwamba anayesimama ukingoni kwa miguu huloa mwili mzima na kuona ukungu mweupe tu. Wenyeji waliyaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na Mswahili hahitaji kamusi kulisikia neno moshi ndani ya jina hilo. David Livingstone aliyafikia Novemba 1855 akayapa jina la malkia wake. Ni Livingstone huyo huyo ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, mahali ambapo ninyi mnaweza kufika kwa daladala mchana mmoja baada ya vipindi. Wajerumani wako wakitaka kugusa habari ya Livingstone, wapeleke Ujiji kwanza.

Sasa Kalambo. Victoria ina upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Kalambo ni mto mdogo, ila unaanguka kwa mruko mmoja usiokatika wa zaidi ya mita 200, na hivyo kuwa miongoni mwa maporomoko marefu kabisa barani Afrika. Mto unatoka katika nyanda za juu za Ufipa, unatembea kwa utulivu juu ya uwanda, halafu unafika mahali ambapo ardhi ilipasuka na kuzama ilipoumbika Bonde la Ufa. Mwamba wa pale juu ni mgumu, hauliwi na maji kwa urahisi, kwa hiyo mto haukupata nafasi ya kujichongea ngazi ngazi za kushukia kama mito mingine. Unafika ukingoni na kuanguka. Chini yake kuna korongo refu linaloelekea Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile mnaloliona kila jioni mkiwa Kigoma. Nawaambia wanafunzi hivyo kila mara, kwa sababu wengi hudhani wanakwenda nchi nyingine kabisa, kumbe wanafuata ukingo wa bonde moja kutoka upande wake wa kaskazini hadi kusini.

Hapo lugha yetu inanipa furaha ndogo ambayo siwezi kuinyamazia. Kalambo ina korongo kwa maana zote mbili za neno hilo. Kuna korongo la miamba, na kuna korongo wale ndege wakubwa wenye mfuko unaoning'inia shingoni, ambao hujenga viota katika kingo za genge hilo wakati wa kiangazi. Mkienda Mei mtaona maji mengi na ndege wachache; atakayekwenda Julai au Agosti ataona ndege wengi na maji yaliyopungua. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu, na kwa kundi lililokuja kuona maporomoko, mimi ningechagua maji.

Jambo la tatu kuhusu Kalambo wasimulie wenzako kabla hamjaondoka, maana likisikika pale ukingoni huku maji yananguruma halieleweki. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, kuna eneo ambalo mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kulichimba katika miaka ya 1950. Udongo wa pale una unyevu wa kudumu, na unyevu huo umehifadhi mbao ambazo mahali pengine zingeoza zamani. Mwaka 2023 watafiti walioongozwa na Larry Barham walitangaza kwamba magogo mawili waliyoyakuta hapo, moja likiwa limelazwa juu ya jingine na kuchongwa makusudi ili yashikane, yana umri wa miaka ipatayo 476,000. Umri huo unatangulia kutokea kwa binadamu wa aina yetu. Maana yake ni kwamba kabla ya watu wa sura yetu kuwapo duniani, kulikuwa na viumbe waliokaa kando ya mto huo wakapima gogo kwa macho na kulichonga likae juu ya lingine. Nimewahi kuwaona vijana waliochoka kwa safari ya siku mbili wakinyamaza kabisa baada ya kuelezwa habari hiyo.

Tuje kwenye hesabu ya siku, kwa kuwa ndiyo hasa uliyoniuliza. Kutoka Kigoma hadi Sumbawanga kupitia Uvinza na Mpanda ni zaidi ya kilomita 500, na kipande cha kati ya Uvinza na Mpanda kinapita katika misitu mikubwa ambamo gari likiharibika hupati fundi upesi. Siku ya kwanza ondokeni alfajiri, mlale Mpanda. Siku ya pili mtapita ndani ya Hifadhi ya Katavi. Simameni Sitalike kuona viboko mtoni, kisha mwendelee hadi Sumbawanga mkalale mapema. Siku ya tatu nendeni Matai na kutoka hapo Kalambo, mkae pale saa za kutosha, na mrudi Sumbawanga kabla ya giza. Siku ya nne na ya tano ni za kurudi. Hizo ni siku tano bila hitilafu yoyote, na mimi huongeza ya sita kwa ajili ya tairi, mvua au mtu aliyeamka na homa. Ukizikunja ziwe nne, utakachokata ni usingizi wa dereva, na dereva aliyekosa usingizi ni hatari kubwa kuliko genge lenyewe.

Kuna wanaoshauri kwenda kwa meli hadi Kasanga, bandari iliyo karibu zaidi na maporomoko kwa upande wetu. Njia hiyo ni nzuri kwa msafiri mwenye siku nyingi asiyesubiriwa na mtu, lakini ratiba za majini hubadilika, na kundi lenye tarehe ya mtihani halipaswi kuzitegemea.

Katika kukodi gari, usikubali bei kabla hujaliona gari lenyewe. Tazama tairi la akiba kwa macho yako, uliza kama jeki ipo na umwombe dereva akuonyeshe. Kila abiria awe na kiti chake. Miaka kadhaa iliyopita nilimwamini mwenye gari mmoja kwa maneno, tukapasukiwa na tairi katikati ya msitu saa kumi alasiri, na tairi la akiba alilosema lipo lilikuwa halina upepo. Tulikaa porini hadi lori la mahindi lilipotuokoa usiku. Wanafunzi wangu hawakudhurika, ila walikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa deni langu mimi, kwa sababu ukaguzi wa dakika tano ungeizuia. Na kwa kuwa mtapita Katavi, waambie wenzako wasivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokolea siku hiyo, maana mbung'o huzifuata rangi hizo.

Ukingoni pa Kalambo ndipo ninapoomba unisikilize kwa makini kuliko pengine popote. Watu wanaopata ajali kwenye maporomoko mara nyingi si wale waliokuwa wakifanya ujasiri mkubwa. Ni wale waliokuwa wakifanya jambo dogo la kawaida, kama kurudi nyuma hatua mbili ili picha iwaingize wote. Niliwahi kuwa na kijana aliyefanya hivyo hivyo. Nyasi zilikuwa ndefu na zimefunika mwisho wa mwamba, na aliyemwokoa ni mwenzake aliyemshika mkanda wa begi. Tangu siku hiyo, kabla mtu yeyote hajatoa simu mfukoni, mimi hulikusanya kundi zima mbali na ukingo, tukakubaliana mstari ambao hakuna atakayeuvuka, na anayepigwa picha hukaa chini. Kukaa chini ni kanuni rahisi inayoeleweka kwa lugha zote, na aliyeketi harudi nyuma. Fanya hivyo hata kama watakuona mkali.

Miamba inayorushiwa mvuke huota ute wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, na kiatu cha raba kilicholika soli ni sawa na kwenda peku. Msiogelee wala kuvuka mto sehemu ya juu ya maporomoko, hata mahali ambapo maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali Ufipa inaweza kufika pale bila wingu lolote juu ya vichwa vyenu. Mwongozeni kila mtu afuate maelekezo ya askari wa misitu na wenyeji, kwani eneo la upande wetu ni hifadhi ya misitu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na lina taratibu za kuingilia.

Tena kumbuka kwamba mto huo ni mpaka wa Tanzania na Zambia. Kwa macho ni mto mmoja, kwa sheria ni nchi mbili, na mwanafunzi wa kigeni anayevuka ng'ambo kwa ajili ya picha bila kugongewa muhuri amejiingiza katika kosa la uhamiaji ambalo litawafuata hadi chuoni. Anayetaka kuona upande wa pili apite katika kituo cha mpaka, na kwa siku sita nilizokupangia hakuna nafasi ya jambo hilo.

Sasa Gombe, ambako ndiko naamini mtakwenda mwezi huu. Usiwaambie wenzako kwamba ni fidia ya Kalambo. Maporomoko ya Kakombe yana kimo cha mita 25 hivi, yamejificha ndani ya bonde lenye msitu, na njia ya kuyafikia kutoka ufukweni si ndefu. Kwa vipimo ni madogo. Lakini ni katika bonde hilo ndipo Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, alipofanyia sehemu kubwa ya kazi iliyobadilisha uelewa wa dunia kuhusu sokwe, na aliwahi kueleza jinsi madume walivyoyafikia maporomoko na kuanza kuyumba, kurusha mawe na kuning'inia kwenye mimea itambaayo ya porini kana kwamba wanacheza ngoma, kisha wengine wakaketi kuyatazama maji. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kusimama mahali ambapo kiumbe mwingine naye huacha shughuli zake kutazama maji yakianguka ni jambo ambalo sijalipata penginepo, na nimerudi pale mara nyingi bila kulizoea.

Safari hiyo inatosha siku mbili za katikati, huku Ijumaa mkijiandaa na Jumatatu mkipumzika. Gombe haina barabara. Mnakwenda kwa boti. Boti ya abiria ya kutoka Kibirizi ni ya bei nafuu na hutumia saa kama tatu hivi, ila husafiri kwa ratiba ya wafanyabiashara wa vijiji vya kaskazini, kwa hiyo kundi la watu kumi na mmoja hufaidika kukodi boti yake pamoja na kugawana gharama. Usiruhusu mtu apande bila boya la kuvaa. Kila mmoja avae lake na kulifunga kabla boti haijaondoka, kwa kuwa boya lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliye majini. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470 na upepo wake hauombi ruhusa. Nahodha akisema tusubiri, subirini.

Mwanafunzi mwenye mafua abaki ufukweni hata kama amelipa, na jambo hili liseme mapema ili lisiwe ugomvi siku ya safari. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu: mwaka 1966 polio iliingia katika sokwe wa Gombe ikaua na kulemaza kadhaa, na magonjwa ya kifua yamewaua wengine mara kadhaa baada ya hapo. Mtagawanywa katika makundi madogo, mtapewa muda maalumu wa kukaa karibu nao, na mtaambiwa umbali wa kukaa. Asilalamike mtu.

Umeniuliza kuhusu fedha, na najua hapo ndipo moyo wako ulipo, kwa sababu umeandika sentensi nne juu yake na moja tu juu ya maji. Viingilio vya hifadhi zetu hutofautiana kwa uraia na ukaazi. Wewe Mkenya, Warundi watatu na kijana wa Kasulu mtalipa kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni kutoka nje. Wajerumani na Wajapani wakiwa na kibali cha ukaazi cha mwanafunzi watapata nafuu, ila lazima wakibebe chenyewe. Aliyekiacha bwenini atahesabiwa kama mtalii aliyeshuka ndege jana. Lililoleta ugomvi katika makundi mengi niliyoyaona ni kuchanganya viingilio vyote pamoja na kuvigawa sawa kwa kumi na moja. Kwa hesabu hiyo Mrundi anayeishi kwa posho ndogo anajikuta anamlipia Mjerumani bila kuulizwa.

Ushauri wangu ni huu. Kinachotumiwa na wote, yaani boti au gari, mafuta, dereva, mwongozaji na chakula, kigawanywe sawa. Kinachomhusu mtu kwa pasipoti yake, yaani kiingilio na kibali, akilipe mwenyewe. Waeleze Wajerumani na Wajapani jambo hili mkiwa mmeketi, kwa ukarimu, na uwaonyeshe viwango vilivyochapishwa ili wasidhani kwamba wanaonewa na wenyeji. Nimegundua kwamba kijana wa kigeni hukasirishwa na bei asiyoielewa, na akiielewa hulipa kwa moyo mweupe. Malipo ya hifadhi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu, si fedha taslimu mlangoni, kwa hiyo kamilisheni kabla ya Ijumaa. Fedha ya pamoja ishikwe na watu wawili wa nchi tofauti, iandikwe kwenye daftari moja, na daftari lisomwe kila usiku mbele ya wote. Weka pia fungu dogo la dharura ambalo, lisipotumika, litarudishwa.

Kuhusu yule mwenzako mmoja uliyesema hana uwezo wa kuchangia hata boti, usilitangaze jina lake katika kikao. Ongea na wawili watatu faraghani, mlipunguze fungu lake kimyakimya, na yeye apewe kazi yenye heshima, kama kutafsiri Kiha sokoni na mwaloni, kazi ambayo kwa kweli bila yeye mngemlipa mtu mwingine.

Chakula hakina ugumu. Nunueni migebuka na dagaa Kibirizi, ugali utapatikana, na maji ya kunywa yabebeni ya kutosha. Walio na asili ya nchi zisizo na malaria wamwone daktari wiki kadhaa kabla, na wote walale ndani ya chandarua.

Mkioga ziwani, jueni kwamba kichocho kipo katika Ziwa Tanganyika, hata pale maji yanapong'aa hadi chini, na konokono wanaokibeba hukaa zaidi kwenye maeneo tulivu yenye majani. Ambaye ataingia majini aandike tarehe hiyo, na akapimwe wiki sita hadi nane baadaye hata kama hajisikii kuumwa. Wajerumani na Wajapani watakuwa wamekwisha kurudi kwao wakati huo, na daktari wa huko huenda asikumbuke kuuliza, kwa hiyo wape maneno hayo kwa maandishi kabla hawajapanda ndege.